Kichocho, na Dhima ya Mtu kwa Maji ya Wenziwe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika darasa yetu ya baina ya Magharibi na Isha lilizuka suala lililotuchukua zaidi ya usiku mmoja, na kwa kuwa baadhi ya majibu yaliyotolewa hayakuturidhisha, tumeona bora tuliandike hapa ili na wasiohudhuria wapate kulipima. Suala lenyewe ni hili. Mtu amekojoa katika bwawa lenye maji mengi. Maji hayakubadilika rangi, wala ladha, wala harufu. Na kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi maji yale yangali tahiri, yafaa kutawadhia na kukogea. Kisha, baada ya miezi michache, watoto wa jirani waliokuwa wakiogelea katika bwawa lile wakaanza kukojoa damu. Je, mtu yule ana dhima yoyote kwa watoto wale? Atabeba vipi dhima ya kitu asichokiona, katika maji ambayo sharia yenyewe yamwambia kuwa hayakunajisika? Ndugu mmoja alisema kuwa huyo hana lake jambo, maradhi ni kadari. Mwingine akasema kuwa ana makosa ya kukojoa majini, kwa kuwa jambo hilo limekatazwa, lakini maradhi ya watoto si juu yake. Sisi twaona majibu yote mawili yamepungua.

Wanazuoni wetu hawakuwa wakilihukumu jambo kabla ya kulijua lilivyo. Basi nasi tuanze kwa kukijua kichocho.

Maradhi haya huletwa na mnyoo akaaye ndani ya mishipa ya damu iliyokizunguka kibofu cha mkojo. Hukaa dume na jike pamoja, jike amelala ndani ya mfereji ulio katika mwili wa dume, na huweza kuishi humo miaka mitatu au mitano, na wengine zaidi sana ya hiyo. Jike hutaga mayai kila siku. Mayai hupenya ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo, na huko kupenya ndiko kunakoleta damu. Lakini mengi hayatoki. Hukwama mwilini, na hayo yaliyokwama ndiyo yenye madhara makubwa: kibofu hupata makovu, mafigo huharibika, na kwa baadhi ya watu mwisho wake ni saratani ya kibofu. Mwaka 1994 jopo la Shirika la Afya Duniani linaloshughulikia saratani lilimuorodhesha mnyoo huyu miongoni mwa mambo yaliyothibitika kuwa husababisha saratani kwa wanadamu. Asiambiwe mtu, basi, kuwa kichocho ni mchezo wa utotoni unaopita wenyewe.

Yai likitoka na mkojo likaanguka juu ya mchanga mkavu hufa, na hapana ubaya tena. Likianguka baharini haliendelei, kwa kuwa konokono wake haishi katika maji ya chumvi. Ndiyo maana wavuvi wetu hushinda ndani ya bahari umri wao wote, wala bahari haiwapi kichocho. Bali likianguka katika maji baridi, ya bwawa au ya kijito kinachokwenda polepole, huanguka kijidudu kisichoonekana kwa jicho, nacho kina muda wa siku moja hivi kumpata konokono mdogo wa majini wa jinsi maalumu. Kikimpata humwingia, na humo huzaana. Baada ya mwezi mmoja au zaidi konokono yule huanza kutoa vijidudu vingine vyenye mkia wa panda, mamia kwa mamia kila siku. Hivi navyo havina maisha marefu, siku mbili hivi tu, na katika muda huo hutafuta ngozi ya mtu. Vikiipata huipenya kwa dakika chache, huacha mkia nje, na huingia katika damu. Hapana haja ya mtu kuyanywa maji. Yatosha kusimama ndani yake na kufua nguo.

Na katika mambo yaliyotushangaza zaidi tulipoyasoma ni hili la saa. Mayai hutoka kwa wingi katika mkojo karibu na adhuhuri, na konokono naye hutoa vijidudu vyake kwa wingi katika mwanga na joto la mchana. Na ndiyo saa ile ile ambayo jua huwafukuza vijana kutoka makondeni na kutoka skuli, wakatupa nguo zao ukingoni na kujitosa majini.

Maradhi haya si mageni. Mwaka 1910 daktari aitwaye Ruffer aliyakuta mayai ya mnyoo huyu ndani ya mafigo ya maiti za Misri zilizokaushwa tangu zama za Mafirauni, zaidi ya miaka 3000 iliyopita. Mnyoo mwenyewe aligunduliwa Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, na kwa ajili yake maradhi huitwa bilhazia. Lakini njia yake ya kuingia mwilini haikujulikana kwa miaka mingi baada ya hapo, watu wakibishana, wengine wakisema hunyweka, wengine wakisema hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Mwaka 1915 ndipo Leiper, huko huko Misri, alipothibitisha kazi ya konokono. Ihifadhiwe tarehe hii ya 1915, tutaihitaji mbele.

Sasa mnyororo huu mtu autazame pete moja moja. Konokono hazaliwi na kichocho. Huzaliwa salama, na hukipata kutokana na yai. Mvua haikileti. Ng'ombe na mbuzi wanywao bwawani sio wanaomtunza mnyoo huyu wa kibofu. Nyumba yake ni mwanadamu. Kwa hiyo hapana bwawa lolote la Kwale, wala la Kilifi, wala la bonde la Mto Tana, lililopata kuwa na kichocho ila kwa kuwa mtu mwenye kichocho amelikojolea. Maji huturudishia tulichoyapa. Watu husema bwawa fulani ni baya, bwawa fulani lina maradhi, kana kwamba bwawa lina tabia. Bwawa halina tabia.

Tukirudi katika suala la tahara. Ni kweli kuwa kwa madhehebu yetu maji yakifika kulateni, nayo ni lita 200 hivi kwa vipimo vya leo, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi ila yabadilike. Hukumu hii ni rehema kubwa, na lau isingalikuwa hivyo watu wa mashamba wasingalipata maji ya kusalia. Lakini hukumu hii yajibu suala moja tu, nalo ni: je, yafaa kutawadhia? Haikuulizwa kama yatamdhuru mwenye kuyaingia, wala haikujibu hilo. Mwenye kuchukua jibu la suala moja akalitumia kwa suala jingine hakuifuata sharia, bali ameichanganya. Maji ya bahari ni tahiri na hayanyweki. Maji yanayochemka ni tahiri, wala hapana mwenye akili atakayetia mkono wake ndani kwa hoja kuwa hayajabadilika rangi. Tahiri ni jina, na salama ni jina jingine.

Na kama wataka ushahidi ulio karibu na misikiti, tazama Yemen, nchi ambayo wengi katika miji yetu wana asili nayo. Mwaka 1952 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanywa huko, ikaonyesha kuwa mabirika ya misikiti ya kutawadhia yalikuwa ni mahali pa kuambukizana kichocho. Watu waliingia na miguu yao wakajitia tahara kwa ajili ya sala, katika maji mengi yasiyo na kasoro yoyote kwa kipimo cha tahara, na wakatoka na mnyoo. Udhu wao ulisihi. Sala zao, inshallah, zilikubaliwa. Na maradhi waliyapata.

Ama kukojoa kwenyewe, yamethibiti katika vitabu vya Bukhari na Muslim makatazo ya Mtume (S.A.W.) ya kukojoa katika maji yaliyotuama, na katika Abu Dawud yametajwa makatazo ya kwenda haja penye vyanzo vya maji, yakiambatanishwa na njia za watu na vivuli wanavyopumzikia. Mtu na azingatie vitu hivyo vitatu vimewekwa pamoja kwa sababu gani. Njia na kivuli si vitu vya kutawadhia. Linalovikusanya si tahara, ni haki za watu: vyote vitatu ni mahali ambapo watu hawana budi napo. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277), katika sherehe yake ya Sahih Muslim, amesema kuwa wanazuoni wa madhehebu yetu wameliona jambo la kukojoa katika maji mengi yaliyotuama kuwa ni makuruhu wala si haramu, kisha akaongeza yeye mwenyewe kuwa lau ingesemwa ni haramu isingekuwa mbali. Hakuwa na darubini, wala hakusikia habari za konokono, naye aliikaribia haramu kwa kuangalia tu uchafu na maudhi. Basi sisi ambao tumeambiwa kuwa mkojo ule waweza kumtia mtoto wa watu saratani atakapokuwa mtu mzima, tutabaki tukisema ni makuruhu? Hapana. Mwenye kujua kuwa ana kichocho, au aishiye mahali ambapo kichocho ni kingi naye akajua namna kinavyoenea, kukojoa kwake katika maji wanayoyaingia watu ni haramu, si kwa mlango wa najisi bali kwa mlango wa dhara; na asili ya sharia yetu ni kuwa dhara huondoshwa.

Katika mahali hapo hapo Imam Nawawi anaikosoa kauli iliyonukuliwa kutoka kwa Dawud bin Ali, imam wa Madhahiri, ya kuwa makatazo ni ya kukojoa ndani ya maji tu, na kuwa mtu akikojoa katika chombo kisha akamimina majini, au akikojoa kando ukateremka wenyewe, hapana neno. Wanafunzi hucheka wanapoifikia kauli hii. Lakini tusicheke sana, kwani jambo hilo latendeka kwetu na kwa sura ya dini. Muislamu wa shamba ataka kuchamba kwa maji, na maji yako bwawani; basi huenda kukojoa pale pale ukingoni ili ayafikie, akachamba, na maji ya kuchambia yakarudi bwawani, na mvua ikasukuma yaliyobaki. Mtu huyu amefanya hivyo kwa kuitunza tahara yake! Ni wajibu wetu sisi wenye kusomesha kumwambia mambo mawili. La kwanza, achukue maji katika kopo au kibuyu akaende nayo mbali, ardhi kavu, chini ya mteremko wa maji. La pili, kuchamba kwa mawe matatu makavu kunatosha katika madhehebu yetu kwa masharti yaliyo mashuhuri, na hapana upungufu katika sala yake. Tunawafundisha watoto faradhi za udhu mpaka wazisome usingizini, nao hawajaambiwa hata mara moja wakojoe wapi.

Ndugu aliyesema kuwa maradhi ni kadari amesema kweli na akaiweka mahali pasipokuwa pake. Tauni ilipoingia Shamu, mwaka 18 wa Hijra, Sayyidna Umar (r.a.) alirudi njiani na watu wake, na Abu Ubayda alipomuuliza kama aikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kwa maana ya kuwa aondoka kwenye kadari moja kwenda kwenye kadari nyingine. Kisa hiki chajulikana na hatutakirefusha. Twaongeza neno moja tu: Umar alikuwa akijikinga na maradhi ya wengine. Ikiwa hakuitumia kadari kuwa hoja ya kujiingiza mwenyewe katika maradhi, vipi mtu ataitumia kuwa hoja ya kuwaingiza wenziwe?

Sasa twafika penye uzito wa suala hili, na hapa ndipo darasa yetu iliponyamaza. Walio wengi katika wenye kichocho ni watoto, na wao ndio wenye mayai mengi zaidi, na wao ndio waogao na kukojoa majini humo humo. Na mtoto hana dhambi. Kalamu imeondolewa kwake mpaka abaleghe. Basi je, dhara kubwa namna hii itakuwa haina mwenyewe?

Jawabu ni kuwa fiqhi yetu imepambanua baina ya dhambi na dhamana. Mtoto akivunja chombo cha jirani hana dhambi, lakini thamani ya chombo hulipwa kutokana na mali yake, na walii wake ndiye mwenye kulipa kwa niaba yake. Haki ya aliyedhuriwa haipotei kwa kuwa mwenye kudhuru ni mdogo. Katika mkojo wa bwawani hapana chombo cha kuthaminiwa, wala hapana kadhi atakayejua ni yai la nani lililoingia katika konokono gani. Kwa hiyo hatusemi kuwa mzazi alipe fidia. Lakini maana ya hukumu ile imebaki: jambo la mtoto humrudia mwenye kumlea, kwa kiasi cha alichokijua na alichokiweza. Baba aliyeambiwa na daktari kuwa mwanawe ana kichocho, akampa dawa au hata hakumpa, kisha akamwacha aende bwawani kama jana, dhara ile sasa ina mwenyewe.

Tumesema kwa kiasi cha alichokijua, na maneno haya yahitaji kisa. Huko Misri, tangu miaka ya 1950 hadi mwanzo wa miaka ya 1980, watu wengi sana walitibiwa kichocho kwa kuchomwa sindano za dawa yenye madini ya antimoni. Nia ilikuwa njema na maradhi yalipungua. Lakini sindano zilitumiwa kwa mtu huyu na yule bila ya kusafishwa ipasavyo, na pamoja na dawa kikapita kirusi cha homa ya ini aina ya C, ambacho hakikutambuliwa ulimwenguni mpaka mwaka 1989. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2008 ulikuta watu karibu 15 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 59 wana alama ya kirusi hicho katika damu yao. Je, waliochoma sindano zile wana dhambi? Kwa kirusi chenyewe hawana, kwani hapana aliyekijua. Kwa sindano chafu hawakosi lawama, kwani uchafu wa sindano ulijulikana zamani. Hivyo ndivyo mizani inavyokwenda: mtu haulizwi kwa yaliyofichika kwa watu wote, na huulizwa kwa yaliyodhihiri. Na kichocho je? Kichocho kimedhihiri tangu mwaka 1915. Huko Msambweni, mwendo mfupi kutoka Mombasa, madaktari wamekuwa wakikichunguza tangu miaka ya 1980. Mtu wa kijijini ambaye hakufikiwa na elimu hiyo ana udhuru. Sisi tuliofikiwa nayo tukakaa nayo kimya hatuna.

Na kimya hiki kina watu kiliowaumiza ambao hawatajwi. Mayai ya mnyoo huyu hayakwami katika kibofu tu. Kwa mwanamke hukwama pia katika njia ya uzazi na shingo ya kizazi, yakaleta vidonda, na damu isiyo na wakati wake, na maumivu, na pengine kukosa mimba. Shirika la Afya Duniani lakisia kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wana hali hiyo. Dalili zake zafanana na dalili za maradhi ya zinaa. Basi binti aliyekulia kwa kuteka maji bwawani, hajamjua mwanamume, huonekana na dalili hizo, na wanawake wakaanza kunong'ona, na mume akamrudisha kwao, na hata baadhi ya watoa dawa wakamtazama kwa jicho la tuhuma. Kumsingizia mwanamke mwema zinaa ni katika madhambi makubwa kabisa, na Qur'ani katika Sura ya Nur imemwekea mwenye kusingizia adhabu ya mijeledi thamanini na kukataliwa ushahidi wake. Na mtu hapotezi dhambi hiyo kwa kusema kuwa aliona dalili. Dalili si mashahidi wanne. Ni wajibu wa kila mwenye kusimamia ndoa za watu, akiletewa mashtaka ya namna hii na binti atoka sehemu za mabwawa, aamrishe kwanza apelekwe kwa daktari akachunguzwe kichocho. Na binti mwenyewe aambiwe kuwa damu ya maradhi si hedhi. Haimzuilii sala wala saumu.

Kwa wavulana nako kuna ujinga wake. Wako waliodhani, hapa na hata Misri, kuwa damu katika mkojo wa kijana ni alama ya kukua, mfano wa hedhi ya wanawake. Baleghe ya mvulana ina alama zake katika vitabu vyetu, kuota au kutimiza miaka 15 ya mwezi, na damu ya mkojo haimo.

Dawa ipo, na si ile ya sindano. Yaitwa prazikwanteli, vidonge vinavyomezwa mara moja kwa kadiri ya uzito wa mtu, navyo huua minyoo iliyokomaa; michanga haiuawi vizuri, na ndiyo sababu ya dawa kurudiwa. Kuanzia mwaka 2012 serikali ya Kenya iliigawa katika skuli za sehemu zenye kichocho. Ni chungu, na mwenye kuimeza na tumbo tupu huweza kupata kizunguzungu na kutapika, basi mtoto na ale kwanza. Waliosema kuwa ni dawa ya kuwakata Waislamu uzazi hawakuleta hoja yoyote, ilhali kinachokata uzazi kwa yakini ni mnyoo wenyewe. Na mwenye kulazimika kuyatumia maji ya bwawa, ayateke akayaweke katika mtungi siku mbili kamili kabla ya kuogea, vijidudu vitakuwa vimekufa, au ayachemshe.

Lakini dawa humtibu mtu, haimtibu bwawa. Huko Unguja na Pemba, baina ya mwaka 2012 na 2017, wakazi waligaiwa dawa mara mbili kwa mwaka, na katika baadhi ya shehia zikaongezwa juhudi za kuua konokono, na katika nyingine mafunzo ya kubadili mwenendo. Maradhi yalipungua sana, na maambukizo hayakukatika. Kwani mtoto hunywa dawa Jumatatu, na Jumanne hurudi penye maji, kwa kuwa nyumbani hapana mengine.

Na hapa twawakabili ndugu zetu wa mijini, nasi ni miongoni mwao. Mtu wa Mombasa au Malindi mwenye bomba na choo husema kichocho ni maradhi ya shamba, ya watu wachafu. Twamkumbusha ule mfano alioupokea Nu'man bin Bashir (r.a.) na kuutoa Bukhari, wa watu waliogawana jahazi, wengine juu na wengine chini, wa chini wakitaka maji hawana budi kupita kwa wa juu, mpaka wakafikiri kutoboa tundu katika sehemu yao wasiwaudhi wenzao. Mara nyingi mfano huu hutajwa kwa ajili ya kuwazuia watoboaji. Ni sawa. Lakini na aulize mtu: kilichowapeleka kwenye kutoboa ni nini? Ni kiu. Walihitaji maji, na waliokuwa juu waliona udhia kupitiwa. Mwenye kumkataza mtu bwawa bila ya kumpa kisima, na kumkataza ukingo bila ya kumpa choo, ameshika mkono wa mtoboaji na kumwacha na kiu yake.

Watu wetu si mabahili katika jambo la maji. Visima vya sadaka vimejaa Pwani, na majina ya marehemu yameandikwa juu yake, Mungu awalipe. Ila hatujapata kuona jina la marehemu juu ya choo. Mtu huona haya kumwekea babake ukumbusho wa namna hiyo. Wala si haya ya sharia hiyo, ni ya desturi tu; kwani kilichokatazwa na Mtume (S.A.W.) ni kwenda haja penye maji, na choo ndicho kinachomwezesha mtu kuyatii makatazo hayo. Kisima humpa mtu maji safi ya kunywa, lakini vijana wataendelea kuogelea bwawani penye kisima na pasipo kisima. Kinachoukata mnyororo ni mkojo usifike majini. Kwa hiyo choo katika skuli iliyo kando ya bwawa, au chuo cha Qur'ani kilicho kando ya bwawa, chaweza kuwazuilia maradhi watoto wengi kuliko kisima cha pili katika kijiji chenye kisima.

Tumeulizwa kama yafaa kuvijengea vyoo hivi kwa mali ya zaka. Katika madhehebu yetu zaka hupewa watu wa mafungu manane waliotajwa katika Sura ya Tawba wakaimiliki, wala haijengewi msikiti wala kisima wala choo. Wako maulamaa wa zama za karibuni waliopanua fungu la njia ya Mungu likaingiza maslahi ya umma. Hatuwalaumu, lakini hatuoni haja ya kuingia katika hitilafu hiyo, kwani mlango wa sadaka na wakfu u wazi wala hauna mipaka. Fukara mwenyewe akipewa zaka yake akajijengea choo, hiyo ni mali yake. Na mwenye kuweka choo wakfu, na asiishie kwenye kuta na mlango: aweke pamoja nacho chumba au duka, au minazi kadhaa, na aandike katika hati kuwa pato lake litangulie kutumika kwa kukitapisha choo, na kukipa maji, na kumlipa mwenye kukisafisha, kabla ya jambo jingine lolote. Vyoo vingi vya skuli tulivyoviona huko mashamba vimejengwa vizuri, na vimefungwa kwa kufuli kwa sababu vimejaa.

Wallahu aalam.